Pasheni Uani: Waya Kwanza, Mkasi Baadaye

Malalamiko ya wenye pasheni uani hayatofautiani sana, uwe Njombe, uwe Thika: majani tele, maua ya kubahatisha, matunda ya kuhesabu. Mwenyewe anakuonyesha ukuta wa kijani uliofunika michongoma, ukapanda mparachichi, na sasa unapenya chini ya bati la jikoni. Kisha anauliza akanunue mbolea gani. Mbolea ndicho kitu cha mwisho anachokihitaji, maana mmea unaokimbia hivyo umeshiba. Alichokosa ni vitu viwili vilivyopaswa kuwapo tangu mwanzo: waya uliokazwa sawasawa kabla mche haujaingia ardhini, na moyo wa kukata machipukizi mazuri, yenye afya. La pili ndilo gumu. Wengi wetu tumelelewa kupalilia na kumwagilia. Kukata kinachostawi tunaona kama dhambi.

Pasheni huchanua kwenye tawi changa tu. Ua hutokeza pale jani linapoungana na tawi, na jicho likishazaa mara moja halirudii. Tawi lililokwisha kuzaa hubaki na kazi ya kuleta uzito, kivuli na magonjwa, huku maua yakisogezwa mbali zaidi kila msimu, mpaka yanafika juu ya paa ambako huyaoni wala huyafikii. Wakulima wa hopsi, ule mmea unaoipa bia uchungu wake, wana nafuu ambayo sisi hatuna. Katika mashamba ya Hallertau, Ujerumani, au bonde la Yakima, Marekani, hopsi hupanda kamba mita tano na zaidi ndani ya majira mamoja ya joto, na baridi ikija sehemu yote ya juu hufa mpaka ardhini. Mwaka unaofuata mkulima anaanza na machipukizi mapya. Huku kwetu hakuna baridi ya kuifagia pasheni namna hiyo. Baridi yake ni mkasi wako.

Kabla ya waya, aina. Pasheni ya zambarau, ile ndogo yenye harufu nzuri kali, ni ya nyanda za juu: hupenda mahali palipo kati ya mita 1,200 na 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, kama Lushoto, Rungwe, Meru au Kisii. Ukiipanda Kigamboni au Likoni itaota, lakini itanyong'onyea kwa joto na utaishia kumlaumu muuza miche. Pwani na kote kwenye joto ni kwa pasheni ya njano, ambayo wengi huiita karakara. Tunda lake ni kubwa zaidi, uchachu wake ni mkali, na mmea wenyewe una nguvu nyingi mno. Kenya zimetolewa aina za njano zilizochaguliwa kwa utamu, KPF 4, KPF 11 na KPF 12, na kwa mtu wa uani anayetaka kula tunda kwa kijiko bila kuongeza sukari, ni vyema kuziulizia kwenye vitalu vinavyoaminika.

Kama uko nyanda za juu, nunua mche wa kubebeshwa: juu zambarau, chini njano. Sababu ni mnyauko wa fusari, ugonjwa wa kuvu unaokaa kwenye udongo kwa miaka mingi na kuingilia mizizini. Mizizi ya zambarau haina kinga nao. Ya njano huvumilia. Unaponunua, tafuta kovu la kuungania na uhakikishe limepona vizuri. Siku ya kupanda, kovu hilo libaki juu kabisa ya udongo, na lisije likafunikwa baadaye na matandazo au udongo wa jembe. Likifukiwa, ile sehemu ya zambarau itatoa mizizi yake yenyewe, na fedha uliyolipia kubebesha itakuwa imepotea bure.

Mahali pazuri ni penye jua la kutosha, maji yasiyotuama na upepo usiovuma moja kwa moja. Mizizi ya pasheni iko juujuu. Ikikaa kwenye maji huoza, na kitako cha shina nacho huoza. Kwa hiyo epuka bonde la maji ya paa, na usiipande chini ya mti mkubwa ukidhani utakuwa umepata nguzo ya bure. Mparachichi au mwembe utainyang'anya maji na jua, na pasheni nayo itaukaba mti. Ukiweza, nyoosha mstari wako kutoka kaskazini kwenda kusini. Hapo upande mmoja hupata jua la asubuhi na wa pili la alasiri.

Sasa kichanja, ambacho watu hukifanyia ubahili halafu wakajuta. Nguzo iwe na urefu wa mita 2.4, sentimita 60 zikiingia ardhini na mita 1.8 zikibaki juu. Urefu huo una maana yake: waya ukikaa juu zaidi hutaufikia bila ngazi, na kazi inayohitaji ngazi haifanyiki kila wiki; ukikaa chini zaidi, matawi yanayoning'inia yatagusa udongo mapema. Kwa ua wa kawaida mita sita zinatosha: nguzo tatu, nafasi mbili za mita tatu, mche mmoja katikati ya kila nafasi. Kila mche unapata mita moja na nusu kulia na mita moja na nusu kushoto. Usishawishike kuongeza wa tatu katikati yao. Miche miwili iliyopogolewa italisha nyumba na jirani. Mitatu iliyosongamana italisha wadudu.

Nguzo za mwisho ndizo zinazobeba kila kitu. Ziwe nene, kipenyo cha sentimita 10 hadi 15, na shimo lake lijazwe mawe na udongo, ushindilie kidogo kidogo badala ya kurudishia udongo wote kwa mkupuo. Kisha egemeza mti wa mshazari upande wa ndani, kutoka karibu na kichwa cha nguzo kwenda chini kuelekea katikati ya mstari, maana huko ndiko waya unakovuta. Fundi akiuweka mti huo kwa nje na kuupigilia msumari mmoja, mwambie aurudie. Njia nyingine ni kuifunga nguzo kwa waya unaoshuka upande wa nje hadi kwenye jiwe kubwa lililozikwa. Inafanya kazi vizuri sana, ila watoto na nguo za kuanikwa hunasa humo. Mita sita za pasheni yenye majani na matunda, imelowa mvua ya masika, ni mzigo wa kweli, na upepo ukija ukuta ule wa majani huushika kama tanga. Vichanja vingi huanguka usiku wa mvua katika mwaka wa pili, mazao yakiwa ndiyo kwanza yamejaa.

Waya uwe wa mabati, geji 12, au 14 ukikosa. Kwenye geji namba ikishuka unene unapanda, na wapo wauzaji watakaokupa waya mwembamba wa kufungia nondo kwa sababu ni rahisi. Huo hulegea na huikata pasheni ngozi. Funga upande mmoja, vuta, kaza, kisha upige kwa kidole: waya uliokazwa hulia. Ukikaa kimya bado umelegea, na baada ya miezi michache utakuwa umebonyea katikati hata matawi yote yateremkie hapo.

Mchwa wana neno lao. Nguzo ya mkaratusi isiyotiwa dawa, mahali penye mchwa, huliwa kwa chini huku juu ikionekana nzima. Kuchoma sehemu itakayozama mpaka iwe nyeusi husaidia kwa muda. Oili chafu ya gari, inayopendwa sana na mafundi, siipendekezi: mizizi iko hapo hapo, na matunda ni ya kuliwa. Bora nguzo iliyotiwa dawa kiwandani, au bomba la chuma lililozamishwa kwenye zege kama mfuko unaruhusu. Pwani boriti za mikoko husifiwa kwa kudumu, lakini mikoko ni misitu inayolindwa na kuikata kunataka kibali, kwa hiyo ukiletewa kwa bei ya kutupa, jiulize imetoka wapi.

Wapo wanaotaka kichanja cha juu, kile cha kufunika maegesho au baraza. Ni kizuri kwa macho, na kivuli chake ni baridi. Ila uamue mapema kama unatafuta kivuli au matunda. Juu ya kichanja bapa matawi hulaliana tabaka kwa tabaka; ya chini hufa na kukauka humo humo, hewa haipiti, madoa ya ukungu hupata makazi, na ili kupogoa ni lazima ulale chali hewani. Matunda yaliyoiva huangukia gari. Mtu akiniomba ushauri kwa ajili ya mazao, jibu langu ni waya mmoja ulionyooka, basi.

Kupanda kwenyewe hakuna makuu. Chimba shimo la sentimita 45 hadi 60 kila upande, changanya udongo wa juu na debe la samadi iliyooza kabisa, acha litulie wiki mbili hivi, panda mvua zikianza. Tandaza majani makavu kuzunguka, ila yaache nafasi ya kiganja kutoka kwenye shina. Mwagilia kwa uthabiti: pasheni inayopata ndoo leo na kusahauliwa nusu mwezi huangusha maua, na matunda yake husinyaa yangali machanga. Ukishaweka samadi, usiongeze mbolea ya kukuzia kwa pupa. Naitrojeni ikizidi utapata majani ya kupendeza wageni.

Siku hiyo hiyo ya kupanda, chomeka kijiti kando ya mche na uvute kamba ya katani kutoka hapo mpaka kwenye waya. Katani kwa sababu inaoza: mpaka ikatike, shina litakuwa limefika juu na kujishika. Kamba ya manila haiozi. Shina linanenepa, kamba haisogei, na siku moja unakuta imezama ndani ya ganda, upande wa juu umevimba na majani yanageuka rangi. Mahali pa kufunga shina lenyewe, tumia ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli uliopindwa mfano wa namba nane, tundu moja kwenye shina na moja kwenye kamba. Mpira unatanuka shina linaponenepa, na ule msalaba wa katikati unazuia shina lisisuguane na kamba.

Hapo kazi ya mkono inaanza. Chagua chipukizi moja, lililonyooka na lenye nguvu, liwe shina kuu. Mengine yote yanayotoka pembeni yaondoe yangali na urefu wa kidole, kwa ukucha, bila kisu. Kwa ukucha ni haraka, kidonda ni kidogo, na hubebi ugonjwa kutoka mche mmoja hadi mwingine kwa chuma. Majani yenyewe usiyaguse. Wapo wanaopukutisha shina lote wakidhani ndiyo usafi, kumbe jani ndilo linalolisha shina hilo changa. Ondoa kinachochipua kwenye kwapa la jani, jani liache. Pita hivyo kila wiki. Kwenye joto na mvua ukikosa wiki mbili, chipukizi ulilolidharau litakuwa limenenepa sawa na shina kuu, na litakuwa limekwisha kushika waya wa nguo.

Kwa mche wa kubebeshwa kuna jambo la kuangalia kwa karibu. Chini ya kovu, ile sehemu ya njano itajaribu kuchipua, na chipukizi lake hukimbia kuliko zambarau uliyoilipia. Likiachwa, baada ya mwaka unakuwa na mmea wa njano uliobeba kijiti cha zambarau kilichokufa. Utalitambua hata kabla ya kufuata linakotokea: vikono vyake, zile nyuzi zinazojisokota ili kushika, huwa na wekundu-wekundu, na shina changa lina rangi hiyo hiyo kidogo, wakati vikono vya zambarau ni vya kijani kitupu. Ukiona kikono chekundu mahali pasipostahili, fuata tawi mpaka linapoanzia na ulikate shinani kabisa.

Shina likivuka waya kwa kiganja hivi, likate ncha, chini kidogo ya waya. Najua inauma; limefika jana tu. Lakini ncha ikiondoka, macho mawili ya juu huamka karibu pamoja, na hayo ndiyo mikono yako miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto. Wengine hupenda kulipinda shina lenyewe upande mmoja na kungoja tawi la upande wa pili. Unaokoa wiki chache, ni kweli, ila mkono uliopindwa unatangulia na haukubali tena kufikiwa. Utakuwa na mmea uliozidi upande mmoja maisha yake yote. Mimi huona ni heri kukata.

Elekeza mikono hiyo alasiri. Asubuhi matawi machanga yamejaa maji na huvunjika kwa kugusa. Jua likishayalegeza kidogo, yanapinda bila kulalamika. Uzungushe mkono kwenye waya kwa ulegevu, duru moja moja kila baada ya nusu mita, inatosha. Ukiusokota sana utashindwa kuuondoa siku ukizeeka. Mkono ukifika kwenye nguzo au ukikutana na wa mche wa pili, kata ncha tena. Sasa kila jicho kwenye mkono litatoa tawi linaloshuka, na kwenye matawi hayo yanayoshuka ndiko maua yatakakokuwa. Hapo ndipo unapoacha kuondoa machipukizi. Yaache yaning'inie.

Yaning'inie kweli, ndiyo shughuli yenyewe. Vikono havijui tofauti ya waya na tawi la jirani, hushika chochote. Matawi mawili yakishikana, la tatu huyapanda, na punde unakuwa na fundo lisilopitisha mwanga. Pita ukivikata vikono vinavyounganisha tawi na tawi, na tawi linalopinda kurudi juu ya waya lishushe. Ncha zikikaribia ardhi, zikate sentimita 30 kutoka kwenye udongo, ili matope ya mvua yasirukie majani na hewa ipite kwa chini. Shina kuu nalo, kutoka ardhini hadi kwenye waya, sasa liwe tupu. Ukisimama upande mmoja na kumwona mtu wa upande wa pili kwa vipande-vipande, umepogoa sawasawa.

Maua yakianza, badili mwendo: acha kushika, anza kutazama. Ua la pasheni ni la siku moja. La zambarau hufunguka alfajiri na kujifunga adhuhuri. La njano hufunguka adhuhuri na kujifunga usiku. Likifunguka, vijifuko vitano vya chavua vinaning'inia, na juu yake vipo vichwa vitatu vya kike vimesimama wima. Kadiri saa zinavyokwenda, vichwa hivyo hupinda na kushuka taratibu hadi usawa wa chavua, na hapo ndipo mdudu mkubwa akija kunywa nekta mgongo wake unagusa vyote viwili. Nyuki wa asali ni mdogo mno kwa kazi hiyo. Mara nyingi hukusanya chavua na kuondoka bila kugusa vichwa vya juu. Mwenye kazi ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao kwa matundu ya mviringo, anayefukuzwa na kila mwenye nyumba kwa sababu ya mapaa. Mwekee gogo kavu mahali pa kivuli karibu na kichanja, huenda akaliacha paa lako.

Kwa karakara jambo hili lina uzito zaidi, maana ua la njano halikubali chavua ya mmea wake wenyewe. Mche mmoja peke yake unaweza kuchanua mwaka mzima usizae. Hata miwili haitakusaidia kama yote ni vipandikizi vya mama mmoja, kwa kuwa hiyo ni sawa na mmea mmoja uliosimama mahali pawili. Chukua miche iliyooteshwa kutoka mbegu za matunda ya mimea tofauti. Nyuki wakiwa haba, fanya kazi yao: alasiri, vichwa vitatu vikishashuka, paka chavua ya mche huu kwenye vichwa vyote vitatu vya ua la mche ule, kwa brashi laini au ncha ya kidole. Ukigusa kimoja tu, tunda litakuwa dogo lenye nyama kidogo. Mvua ikinyesha ua likiwa wazi, chavua hupasuka kwa maji na siku hiyo imepotea. Ngoja maua ya kesho. Na kama huna budi kupiga dawa ya wadudu, ya zambarau ipigie jioni na ya njano asubuhi mapema, maua yakiwa yamefungwa.

Kutoka ua hadi tunda kuiva ni siku 70 hadi 80 hivi, zaidi kidogo penye baridi. Usichume, tunda lililoiva huanguka lenyewe, na la kijani likichumwa halitapata utamu wa lile lililongoja. Okota kila siku, kabla jua na mchwa hawajalifikia. Ganda likikunjamana usilitupe, utamu ndiyo kwanza umekolea. Watoto waambiwe wasitafune matunda mabichi wala majani, kwani yana viini vinavyotoa sumu ya sayanidi.

Mavuno makubwa yakiisha, mvua zikiwa njiani, kata kwa ukarimu. Kila tawi lililozaa lipunguze mpaka yabaki macho manne au matano kutoka kwenye mkono. Yaliyokufa yatoe yote. Ila usikate hadi kwenye mti mkavu usio na jani: pasheni haichipui kirahisi kutoka kwenye shina kuukuu, na waliokata wakitaka kuanza upya kabisa wameishia kung'oa kisiki. Usipogoe katikati ya ukame wala kwenye baridi kali ya Juni na Julai huko juu. Mmea uliojeruhiwa unahitaji maji na joto ili ujibu. Matawi ukishayakata, yaache yanyauke siku mbili tatu kabla ya kuyavuta. Yakiwa mabichi yatakuja na yale unayotaka kuyabakiza.

Mkasi uwe mkali, na uchovye kwenye jiki kati ya mche na mche, sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji, kisha uusuuze na kuupaka mafuta usishike kutu. Hii si mbwembwe. Kuna ugonjwa wa virusi unaofanya matunda yawe madogo, magumu, ganda nene kama ubao na nyama kiduchu, majani yakiwa na mabaka na kukunjamana. Huenezwa na vidukari na huenezwa na chuma. Hauna dawa, mmea wake ng'oa uuchome, na usichukue kipandikizi hapo. Kwa sababu ya vidukari hao, matango na maboga yakae mbali na kichanja. Mnyauko wa fusari nao hauna dawa: majani hunyauka udongo ukiwa na unyevu, na ukilipasua shina unakuta ndani pana rangi ya kahawia. Madoa ya kahawia kwenye majani na matunda ndiyo yenye nafuu. Kupogoa peke yake huyapunguza sana, na dawa za shaba, wanazoziita kopa, humalizia pale mvua zinapokuwa nyingi.

Hata ukifanya yote hayo, usitarajie umri wa mwembe. Miaka mitatu ya mavuno mazuri ni haki yako, wa nne ni zawadi. Matunda yakianza kupungua ukubwa na mikono ikiwa mitupu karibu na shina, otesha wa kuurithi mapema, usingoje ufe. Nguzo na waya vikiwa vizima havina haja ya kuhama. Shimo ndilo linalohama. Panda mche mpya karibu na nguzo, mbali kadiri mstari unavyoruhusu na pale mzee aliposimama, kwa sababu kuvu ya mnyauko na minyoo ya mizizi vimebaki pale chini vikisubiri mzizi mwingine. Mzee mkatie mkono wa upande ule mpya unapotokea, umwachie wa pili uendelee kuzaa. Mrithi akifika kwenye waya na kukatwa ncha, mng'oe mzee pamoja na kisiki chake, na shimo lake ulipande vitunguu.